Baiskeli ya baba niliiunda kwa mikono yangu

MSOMAJI mpendwa, ikiwa ulizaliwa au kulelewa magharibi mwa Kenya, sina haja ya kukueleza thamani ya baiskeli. Ndiyo iliyobeba gunia la mahindi hadi kwenye mashine ya kusaga, mgonjwa hadi hospitalini, na mgeni hadi mlangoni. Ile nyeusi, nzito kama nini, tuliiita Black Mamba, na aliyekuwa nayo alihesabiwa miongoni mwa watu. Hata neno bodaboda, ambalo leo likitajwa unasikia mngurumo wa pikipiki, lilizaliwa na baiskeli. Ni kule mpakani Busia, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakibeba abiria kati ya Kenya na Uganda.

Mambo yalibadilika mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Zikafurika kila kijiji. Pale mjini Kakamega, vijiwe vilivyokuwa na baiskeli zenye viti vya sponji sasa vimejaa pikipiki, na mafundi wa baiskeli waliosalia chini ya miti ni wachache.

Kwa mmoja wa mafundi hao ndiko nilikoenda, mimi mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye kazi yake ni kalamu, nikamwambia nataka kuunda baiskeli nzima, kipande kwa kipande. Si kuundiwa. Kuunda. Mzee huyo alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akauliza, "Ya nani, binti yangu?"

Nikamjibu, "Ya baba."

Ni lazima nikueleze habari za baba kidogo. Ana miaka 71 na anaishi upande wa Shinyalu. Nilipokuwa nikisomea diploma ya uanahabari, karo ya muhula wa mwisho ilipungua, naye akauza baiskeli yake. Hakunitajia hata siku moja. Mama ndiye aliyeniambia, tena baada ya miaka. Tangu wakati huo baba amekuwa akienda kwa miguu, au kwa pikipiki akiwa na nauli. Sasa goti lake la kulia linamsumbua, na kule kituo cha afya aliambiwa kwamba kuendesha baiskeli polepole hakulemei goti kama kutembea kwenye miteremko.

Nilipowafahamisha ndugu zangu, moto uliwaka. Kaka yangu mkubwa alinipigia simu usiku. "Dada, unataka tumzike mzee? Huoni pikipiki zinavyokimbia barabarani?" Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya kweli, na mimi pia nilikuwa nayo. Nikaamua kumuuliza mwenyewe. Baba huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Akasema, "Mama, mguu ndio uliozeeka. Mimi bado."

Kuchagua vipande

Huenda unajiuliza kwa nini sikununua baiskeli mpya dukani nikamaliza maneno. Ya dukani imeundwa kwa mtu yeyote. Mimi nilitaka ya mtu mmoja, mwenye goti moja bovu.

Kwanza nilifikiria fremu ya kike, ile isiyo na chuma cha juu, ili asihangaike kuinua mguu. Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Nipite nayo mbele ya wazee wenzangu?" Basi fundi akatupatanisha. Fremu nyingi za Black Mamba ni za inchi 24, lakini zipo za inchi 22. Tukachukua hiyo fupi, tukashusha kiti mpaka mtu akikaa anafikisha nyayo chini. Mpandaji huilaza baiskeli upande kidogo, huvusha mguu juu ya chuma, kisha huisimamisha.

Fremu niliipata kuukuu, lakini imara, isiyo na mahali palipochomelewa. Vipande vingine nilinunua kimoja kimoja kila mwisho wa mwezi, maana haba na haba hujaza kibaba. Vingi vilikuwa vya kutoka India, ambako mji wa Ludhiana una viwanda vikubwa vya baiskeli za aina hii. Mtindo wenyewe ni wa Kiingereza, wa enzi za kampuni kama Raleigh ya Nottingham, na haujabadilika sana. Ndiyo maana kipande cha leo bado kinaingia kwenye fremu ya zamani.

Jumamosi ya kwanza sikufanya lolote ila kuosha gololi kwa mafuta ya taa, kuzikausha na kuzipanga kwenye grisi. Watu wakipita walisimama kutazama. Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga aliuliza kama mume wangu amenifukuza. Fundi akamjibu kwamba mimi ni mwanafunzi wake, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena.

Nilijifunza mambo ambayo nilikuwa nimeyapanda kwa miaka bila kuyajua. Je, ulijua kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha upande ulio kinyume na ile ya kulia? Zingekazwa sawa, moja ingelegea polepole kwa mwendo wa mguu wako mwenyewe hadi ing'oke. Nilijua pia jinsi ya kupima ekseli. Inua gurudumu, liache lijizungukie lenyewe. Likiwa limekazwa vizuri, litayumba huku na huku kisha litatulia na vali ikiwa chini, kwa uzito ule mdogo tu wa vali. Likisimama ghafla, umekaza mno. Likichezacheza ukilisukuma kwa pembeni, limelegea.

Spoki sabini na mbili

Kazi iliyonitoa jasho ni kushona magurudumu. La mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa kuwa la nyuma ndilo linalobeba mzigo. Hizo ni spoki 72, kila moja na nati yake ndogo. Nusu huvuta rimu upande wa kulia, nusu upande wa kushoto, na gurudumu husimama wima kwa sababu ya mvutano huo.

Fundi aliipindua baiskeli, akashika kipande cha chaki karibu na rimu, akanizungushia gurudumu. Palipoguswa na chaki ndipo palipopinda. Hapo unalegeza kidogo spoki za upande ule, unakaza za upande wa pili, robo mzunguko tu, kisha unazungusha tena. "Usiikasirikie spoki moja," aliniambia. "Ukiikaza peke yake kwa hasira, unapinda gurudumu zima. Tazama na jirani zake."

Kazi hiyo ilinila Jumamosi mbili. Katika kuzungusha na kutazama, nilikuwa nikimfikiria kaka yangu. Kila nati niliyokaza, ni baba ambaye angekaa juu yake. Makala yangu ikiwa na kosa, mhariri atalisahihisha. Nati iliyolegea haina mhariri.

Wako wanaodharau kazi ya chini ya mti. Nawakumbusha kwamba Wilbur na Orville Wright, waliorusha ndege yenye injini mwaka 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli wenye duka lao Dayton, Ohio, nchini Marekani. Tofauti yao na fundi wangu ni nafasi waliyoipata.

Breki na mvua

Lililonipa wasiwasi zaidi ni breki. Hizi baiskeli zetu hutumia breki za fito, zinazovuta vipande vya mpira kwenye rimu ya chuma. Zikiwa kavu zinashika. Rimu ikilowa, chuma huteleza, na Kakamega ni mahali ambapo mvua ya alasiri si habari. Tuliweka mipira mipya pande zote, tukanyoosha fito hadi mipira yote miwili ikawa inagusa rimu kwa pamoja. Fundi akanipa kanuni ya kumfikishia mzee: kabla ya mteremko, ikiwa umenyeshewa, bonyeza breki mara kadhaa ukiwa bado tambarare ili rimu ijifute.

Siku niliyoifikisha nyumbani, kaka alikuwa amefika kabla yangu. Hakunisalimu kwa furaha. Aliifungia karia gunia la mahindi la nusu, akanionyesha mteremko unaoelekea mtoni. "Panda wewe kwanza," alisema.

Nilipanda. Tuliojifunza utotoni kwa kupenyeza mguu ndani ya fremu hatusahau. Katikati ya mteremko nikabonyeza breki zote mbili, na baiskeli ikasimama pamoja na gunia lake. Kaka akatembea hadi nilipokuwa, akainama, akatikisa gurudumu la nyuma kwa mkono. Halikucheza. Hakusema neno.

Baba naye aliipindua, akazungusha gurudumu, akainamisha sikio. "Nani ameshona hili?"

"Ni mimi, baba."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Ile yangu ilikuwa na mlio upande wa nyuma." Ndiyo mara ya kwanza kuitaja mbele yangu.

Usidhani tulikubaliana kila kitu siku hiyo. Kaka aliweka masharti: asiingie barabara ya lami, asiendeshe giza likiingia, asitoke mvua ikinyesha. Baba alikubali mawili, la mvua akalipinga hadi jioni. Wiki iliyofuata kaka huyo huyo alituma kengele na vioo vyekundu vya kumulika nyuma. Nikajua tumeelewana.

Msomaji, sikwambii uache kazi yako ukawe fundi. Lakini katika nyumba yako kuna kitu unachokitegemea kila siku usichojua kilivyofungwa, iwe baiskeli, jiko au cherehani. Tafuta anayekijua, umlipe kwa muda wake, ukae naye utazame. Na ikiwa mtoto wako huenda shuleni kwa baiskeli, kila asubuhi kabla hajapanda, tazama mambo manne: breki zinashika, magurudumu hayachezi, usukani umekazwa, mnyororo haujalegea. Ni kazi ya dakika mbili.

Mafundi wa chini ya miti wanapungua, nao hawajaandika vitabu. Wanachokijua kimo mikononi mwao. Waulize wangali wapo.