Mwanangu na Mtani Wake

Baba alipofariki, majirani wetu wa Sinza walikuja kutuhani. Mzee mmoja Mzaramo akajilaza mlangoni, akadai maiti haitoki mpaka alipwe. Mwanangu, mzaliwa wa hapa hapa, akamlilia kwa hasira.

Ndugu msomaji, sikumlaumu. Utanzania wake anaujua. Nyumbani twasema Kiswahili tu, na sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza mwananchi kabila lake. Jambo jema hilo. Lakini ni mimi niliyemnyima habari kwamba sisi Wanyamwezi na Wazaramo tu watani, tangu enzi za misafara ya pembe.

Usiku akaniuliza, "Baba, kumbe mimi ni Mnyamwezi au ni wa Sinza?"

Nikamwambia kesho ampe mzee yule shikamoo, kisha amdai ujira wa babu zetu wapagazi.