Funga za Hiari Katika Baridi ya Eldoret

Ramadhani ikimalizika, wengi huuaga mfungo hadi mwaka ujao. Sisi tulioletwa na riziki kutoka Pwani hadi Eldoret, mume, mke na watoto, tumechagua kutouaga kabisa. Hufunga siku 6 za Mfunguo Mosi, kisha Jumatatu na Alhamisi kadiri ya uwezo. Hapana anayetulazimisha, na hapo ndipo penye uzito. Katika Ramadhani umma mzima hufunga nawe. Jumatatu ya kawaida wafunga pweke, na chai ya maziwa yachemka kila ofisi.

Mji huu u karibu na ikweta, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Tangu alfajiri hadi magharibi ni kiasi cha saa 13. Kiu si kali kama ya Mombasa, bali njaa hutujaribu, kwani baridi hudai chakula.

Majirani zetu hawastaajabu sana, maana nao wanayo ya kwao. Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 tarehe 12 Oktoba 2019, kwa miaka mingi aliishi siku za wiki katika kambi ya Kaptagat, akirejea kwa mkewe na watoto mwishoni mwa wiki. Kambini wanariadha hupokezana usafi, vyoo vikiwamo, naye hakujitenga. Mali ya kujistarehesha alikuwa nayo. Ikiwa mja aweza kuacha raha kwa ajili ya mbio za duniani, sisi tunaotaraji radhi za Mola tuna udhuru gani?

Mchana wa funga, mume na mke huweka kando hata kile ambacho ndoa imekihalalisha. Kwa kuwa hiyo ni haki ya wawili, sisi hushauriana usiku kabla ya kutia nia. Mashauriano hayo yametuzoesha kuulizana hali, jambo ambalo pirikapirika za kazi zilikuwa zikitunyima. Na ifikapo saa 10 jioni, ulimi unapotaka kumkaripia mtoto kwa jambo dogo, ndipo twajua kama tumefunga au tumeshinda na njaa tu.

Hata hivyo, kiasi ni nguzo. Binti yetu wa miaka 15 aliomba afunge kila siku. Tulipomdadisi kwa upole, tukatambua kwamba alitaka kukonda. Tukamsimulia habari ya wale watu watatu waliotaka kuzidisha ibada, mmoja akiazimia kufunga daima, na mmoja kutooa kamwe. Mtume (s.a.w.) aliwarudisha kwenye sunna yake: hufunga na hula, huswali na hulala, na huoa. Mwili ni amana, si adui. Sasa binti hufunga nasi Alhamisi pekee, na magharibi hula tende, uji na mahamri hadi akashiba.

Enyi mama na dada zetu, anzeni kwa siku moja, mkishauriana na wenzenu nyumbani. Mgonjwa, mjamzito na anyonyeshaye wasijikalifishe; milango ya kheri ni mingi. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na azilainishe nyoyo zetu. Amin.