Mwanangu na "Nguvu ya Ndani" ya Wajapani

Akina mama wenzangu, wengi wenu mnao vijana wanaorudi nyumbani jioni wamevaa nguo nyeupe za karate, mkanda kiunoni, jasho linawatoka. Mimi pia ninaye. Mwanangu wa pili ana miaka 19, anajifunza hapa Biharamulo na wenzake, na kwa miezi mingi sikuwa na neno. Aliacha kuzurura stendi, anaamka mapema, na ugali wangu anaumaliza. Neno lilianza siku aliponiambia kwamba mwalimu wao sasa anafundisha "ki", yaani nguvu ya ndani, na kwamba aliyeifikia anaweza kumwangusha mtu bila kumgusa. Hatua hiyo ina ada yake ya pekee, shilingi 50,000. Katika maongezi hayo hayo akaniambia amejiandikisha sungusungu, ulinzi wa usiku.

Baba yake alitaka nguo zile zichomwe moto. Wenzangu wa kikundi cha akina mama kanisani walisema ni pepo, aletwe aombewe. Mimi kazi yangu ni uuguzi. Kabla ya kukitibu kitu napenda kujua kama kipo.

Neno lenyewe lisitutishe. Ki kwa Kijapani ni pumzi, hewa, uhai. Waebrania wa kale nao walitumia neno moja kwa upepo, pumzi na roho. Morihei Ueshiba, aliyeishi mwaka 1883 hadi 1969 na kuanzisha mchezo wa aikido, alilitaja sana. Mwanafunzi wake Koichi Tohei akalifanya somo kamili, akalipeleka Hawaii mwaka 1953, na mwaka 1971 akaanzisha chama chake. Zoezi lake linalojulikana sana ni la mkono usiokunjika, nalo unaweza kulijaribu leo jioni na mumeo.

Nyoosha mkono, weka kiganja juu ya bega lake, mwambie akukunje kwenye kiwiko. Mara ya kwanza fumba ngumi, kaza kila kitu. Atakukunja. Mara ya pili fungua vidole, legeza bega, fikiri maji yanatiririka kutoka begani, yanapita vidoleni na kwenda mbali hadi ukutani. Hapo atahangaika. Tulilifanya siku akina mama wa Ngara na Biharamulo tulipokutana, na mama mmoja mwembamba kama fito akamshinda mwenyekiti wetu, ambaye gunia la maharage hulibeba peke yake. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mmoja akanong'ona, "Nesi, huyo si pepo?"

Nikawashikisha mikono yao wenyewe. Mbele ya mkono wa juu kuna msuli unaokunja, nyuma kuna msuli unaonyoosha. Ukikaza yote miwili, ule wa mbele unamsaidia anayetaka kukukunja. Ukifikiri maji, wa mbele unalegea na wa nyuma unafanya kazi peke yake. Hakuna kilichoingia mwilini wala kilichotoka. Umeacha tu kupigana na nafsi yako.

Na hilo, kwa hakika, si jambo dogo. Wodi ya wazazi imenifundisha hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Mama aliyejikunja kwa woga, mabega masikioni, meno yamebana, anachoka kabla njia haijafunguka. Ukimshika mgongo ukamwambia, "Dada, toa pumzi taratibu, legeza taya," uchungu unabaki uchungu, lakini nguvu zake zinabaki pia kwa ajili ya kusukuma. Wajapani wanafundisha kupumua kutokea chini ya kitovu. Bibi zetu waliozalisha nyumbani walisema karibu hayo hayo bila mkanda wowote.

Tena tazameni wanavyopanda vilima vya Ngara na ndoo kichwani. Mwaka 1986 wataalamu waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya. Wakaona kwamba walipobeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, miili yao haikutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 siri ikaonekana iko kwenye mwendo, namna mwili unavyobembea kutoka hatua hadi hatua bila kupoteza nguvu. Mwalimu wa Kijapani angewaona akina mama wale angesema wana ki nyingi, na asingekosea sana.

Kuangusha bila kugusa ni jambo jingine. Jumamosi moja nilikwenda na wifi yangu kutazama. Mwalimu alisimama, akasukuma hewa kwa kiganja, wanafunzi wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na wangu akiwamo. Nikamwomba kwa heshima, "Mwalimu, naomba umjaribu na huyu kijana wa bodaboda aliyetuleta." Kijana akasimama na koti lake, anatafuna muwa. Kiganja kikaenda mara moja, mara mbili, mara tatu. Kijana akaniuliza, "Mama, bado hajaanza?"

Tukaambiwa moyo wake ulikuwa umefungwa.

Sidhani wanafunzi wale walikuwa wanadanganya. Mtu akitegemea kuanguka, na wenzake wameanguka, magoti hulegea yenyewe. Hata kwenye mikutano yetu tumeyaona. Japani kwenyewe mzee mmoja, Yanagi Ryuken, alikuwa akipunga mkono wanafunzi wake wanaanguka kwa makundi. Mwaka 2006 alikubali kupambana na mpiganaji asiyekuwa mwanafunzi wake. Pambano halikuchukua muda, na mzee alipigwa vibaya. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alikuwa na busara zaidi: wanafunzi wake walifanya mazoezi na mwenzao anayekataa kuangushwa.

Mtaniuliza kwa nini nashupalia mchezo wa vijana. Ni kwa sababu ya sungusungu. Nilikuwa msichana wa shule huko Ngara mwezi Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Miaka iliyofuata silaha zilizagaa, na mabasi yalipita misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Nilipoanza kazi nilifunga majeraha ya risasi kwenye vifua vyenye hirizi na chale mbichi. Mwaka 1905 wapiganaji wa Majimaji waliambiwa na Kinjikitile Ngwale kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena wa Uganda walijipaka mafuta, wakatembea hadi karibu na Jinja wakiamini hivyo hivyo. Mwanangu akitoka usiku na kiganja kitupu akidhani kinasukuma, mimi naona vile vifua.

Nilimweleza hayo jikoni, baba yake akiwapo. Hakupenda. Alisema, "Mama, hujui mambo haya." Nikampa mkono wangu, nikamwambia aniangushe kutoka pale mlangoni bila kunigusa, na nikamwahidi sitakaza moyo. Alijaribu. Alijaribu tena. Kisha akaketi, akaomba chai.

Nguo nyeupe hazikuchomwa. Ada ya mwezi tunalipa kama kawaida, ile 50,000 hapana. Zamu yake ya ulinzi ni usiku wa Jumatano. Anakwenda na tochi, filimbi na wenzake wanne, na tumekubaliana naye kwamba akiona bunduki atalala chini, na filimbi ataipuliza baadaye.