Kuni na Mbao

Mwaka jana mdogo wangu, mwanafunzi wa udaktari, aliniletea kurasa mbili za Kifaransa kuhusu seli za kinga na sukari. "Yaya, wewe ni wa kitivo cha lugha. Mwelezee baba." Baba alikuwa ametoka kwenye homa ya wiki mbili na swali moja: "Kama mwili ulikuwa unanipigania, mbona umenimaliza?"

Niliandika haraka: seli hizo ni askari, zikipewa amri, zinakula sana. Baba akacheka bila furaha. "Askari anakula hata asipopigana." Hapa Lubumbashi sentensi hiyo haihitaji maelezo.

Nikarudi kwenye kurasa. Limfositi T ikiwa imepumzika, inaunguza sukari polepole, kwa oksijeni, ndani ya mitokondria. Glukosi moja inaipa takriban ATP 30, ndizo nguvu za kazi. Ikimtambua adui, inaongeza milango ya glukosi kwenye utando wake na kukimbilia njia fupi: glukosi moja, ATP 2 tu, na laktati nyingi inatupwa nje ingawa oksijeni ipo. Otto Warburg aliona jambo kama hilo kwenye uvimbe wa kansa miaka ya 1920.

Hapo niliandika: "inapoteza sukari." Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Seli iliyoamshwa haitafuti nguvu tu. Inapaswa kugawanyika, na wenzake wagawanyike, mpaka wachache wawe maelfu. Kila seli mpya inahitaji utando, protini, DNA. Kwa hiyo sehemu ya ile glukosi inachepuka njiani, haiungui: inakuwa mwili wa seli mpya.

Baba ni seremala. Nilipomsomea tena, alinyamaza kidogo, akasema: "Basi ni mti mmoja. Sehemu kuni, sehemu mbao."

Siku tatu nilikuwa nikilitafuta neno hilo katika kamusi.

Sikumdanganya kwamba hilo linaeleza uchovu wake wote. Homa yenyewe na kukosa hamu ya kula vilimla pia. Nilimwambia tu kwamba vita vikiisha, nyingi za seli hizo hufa, na chache hubaki na kumbukumbu ya adui, zikirudia moto wa polepole.

"Kama mimi," akasema, akaomba bukari.

Nilifuta neno askari. Tafsiri ile ina majina mawili chini yake, langu na la baba.