Matembezi ya Parklands na Posa za Ng'ambo

Nilipopata likizo ya siku chache, niliona yafaa nimtembeze mpwa wangu mjini Nairobi. Kijana huyu amehitimu masomo ya uhasibu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili amlipie karo, lakini mpaka sasa hajapata kazi. Tuliondoka katikati ya mji, tukapita Ngara, tukashika Limuru Road hadi Parklands.

Mtaa huu ni wa zamani. Kwanza walikaa Wazungu, kisha Wahindi wakajenga humo nyumba, mahekalu na shule. Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, ingali ikipokea wagonjwa, na katika miti ya City Park kima wangali wakirukaruka. Njia kadhaa zimeitwa kwa hesabu, ya kwanza, ya pili, na kuendelea, hata mgeni hapotei upesi.

Tulipoingia Westlands mpwa wangu alistaajabu. "Mjomba, maghorofa haya yote yametoka wapi?"

Nikamwambia kuwa mengine ni jasho la wenyeji, kama Sarit Centre iliyofunguliwa mwaka 1983, na mengine ni mali ya ng'ambo. Nikamwonyesha barabara ya juu iliyojengwa na kampuni ya Kichina, kilomita 27 toka Mlolongo, iliyofunguliwa mwaka 2022. Apitaye juu hulipa, ili aliyeijenga arudishiwe fedha zake. Nikamwonyesha pia Safaricom House. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ilinunua sehemu 40 katika mia za kampuni hiyo, na mwaka 2007 ikaanzishwa M-Pesa, ambayo humfikishia mkulima bei ya maziwa yake hata kama hana akaunti benki.

Ndiyo sababu wakubwa wetu hufunga safari kwenda kuwaita wenye mitaji. Mwezi Mei 2024 Rais William Ruto alikwenda Marekani, akaanzia Atlanta kabla ya kupokelewa Washington. Siku zile Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1, pamoja na jengo la mitambo ya kompyuta huko Olkaria, litumie umeme wa mvuke wa ardhini.

"Basi kazi zimekuja, Mjomba!"

"Mpwa wangu," nikamjibu, "wasafiri hao ni washenga tu, na posa si ndoa. Mchumba huja kwanza kutazama nyumba." Nikamweleza kuwa mwenye mtaji hutaka ardhi yenye hati safi, umeme usiozimika, kodi isiyogeuka kila mwaka, na karani asiyemzungusha.

Nilipotamka neno hilo la karani, moyo wangu ulinichoma. Zamani, katika ofisi moja niliyofanya kazi, alikuja mwananchi aliyetaka kufungua kiwanda kidogo cha kukausha matunda. Aliniambia angehitaji vijana 12. Faili lake lililala miezi mitatu likingoja sahihi moja, nami nililipita mezani kila asubuhi nisiseme neno. Mwishowe alichukua fedha zake akaenda zake. Hakukuwa na bahari baina yetu, ila meza tu.

Nilimweleza kijana habari hiyo bila kuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Je, katika wale 12 mhasibu hakuwamo?" Sikuwa na jibu.

Sheria ya mwaka 2004 ya kukuza uwekezaji iliweka kima cha dola 100,000 kwa mgeni atakaye cheti, na shilingi milioni 1 kwa mwananchi. Maana yake, jirani mwenye mtaji mdogo naye ni mwekezaji, wala hahitaji kufuatwa kwa ndege.

Wasomaji wenzangu, washenga na waende, kwani Parklands na Westlands zashuhudia kuwa mgeni huja na faida. Lakini sisi tulio makarani tufagie ua kabla hajabisha hodi. Nami niliporudi kazini, kabla ya kuvua koti, nilifungua faili lililokuwa chini kabisa.