Baiskeli Mpya Inapotetemeka

Katika wilaya ya Nchelenge baiskeli si pambo. Kando ya Ziwa Mweru, samaki hutoka Kashikishi wakiwa juu ya keria, na mtoto husafiri nyuma ya baba yake. Kwa hiyo chombo hicho kikianza kutetemeka bila sababu kuonekana, shida hiyo ni ya nyumba nzima, wala si ya mwenye baiskeli peke yake.

Karani mmoja wa huko alinunua baiskeli ya mbio, nyembamba, yenye usukani uliopinda. Majuma machache ya kwanza ilikwenda barabara kwenye njia ya tambarare kando ya ziwa. Lakini siku alipoteremka kutoka Kawambwa, mji ulioko juu uwandani, kuelekea bonde la Luapula, usukani ulianza kucheza mikononi mwake kama mtu aliyeshikwa na homa. Alipopunguza mwendo, mtikisiko ulikoma. Kwanza aliilaumu lami, kisha upepo, hatimaye muuzaji. Baiskeli yenyewe hakuikagua, kwa kuwa aliamini kwamba kitu kipya hakina kasoro.

Askari wana mfano wa jambo hili. Kikosi kifikapo darajani huamriwa kuacha kwenda kwa hatua moja. Mwaka 1831, huko Broughton, Uingereza, wanajeshi wapatao 74 walivuka daraja la minyororo kwa hatua moja; daraja likayumba, likaanguka, na baadhi yao wakaumia. Ilionekana baadaye kuwa pini moja ya daraja ilikuwa mbovu tangu awali. Hatua zao ziliufichua ubovu uliokuwapo.

Kila kitu kina mtikiso wake wa asili. Mama anayesukuma bembea hahitaji nguvu nyingi, mradi asukume kwa wakati wake. Haba na haba hujaza kibaba. Gurudumu la baiskeli ya mbio lina mzingo wa mita 2 na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa huzunguka karibu mara 5 kila sekunde, na rimu iliyopinda au tairi lisilokaa sawa husukuma mara moja katika kila mzunguko. Misukumo hiyo ikilingana na mtikiso wa fremu, kidogo huwa kikubwa. Ndiyo sababu mtetemeko hutokea kwenye mwendo fulani, na kwenye mwendo mwingine usionekane kabisa.

Fundi aliyeitwa hakubadilisha vitu vyote kwa mara moja, maana afanyaye hivyo hatajua dawa ilikuwa ipi. Aliondoa kwanza mzigo wa nyuma. Akainua gurudumu, akalizungusha, akatazama kama rimu inakaribia mpira mmoja wa breki kuliko mwingine. Akalishika rimu na kulisukuma kando, apate kujua kama ekseli imelegea. Yote yalikuwa salama. Mwishowe alibana breki ya mbele, akaweka kidole pale uma wa mbele unapoingia kwenye fremu, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Kidole kilisikia mgongano mdogo. Gololi za shingo ya usukani, kama ilivyo kawaida katika chombo kipya, zilikuwa zimejikalia mahali pake, na nati ikabaki na nafasi. Aliikaza hadi mgongano ukaisha, huku usukani ukigeuka bila kukwama. Kisha mteremko ulijaribiwa tena, polepole kwanza, baadaye kwa kasi, na baiskeli ikatulia.

Yule ambaye mtetemeko utamkuta njiani asishike usukani kwa nguvu, wala asibane breki ya mbele kwa ghafula. Na abane bomba la juu la fremu kwa magoti, anyanyue mwili kidogo kutoka kwenye kiti, kisha apunguze mwendo kwa breki ya nyuma, taratibu.

Kadhalika kila nyumba yenye baiskeli mpya na iikague baada ya majuma ya kwanza, spoku, ekseli na shingo ya usukani, kabla mtoto hajapakiwa nyuma. Kazi hiyo haizidi robo saa, na spana moja au mbili zatosha.