Miendo ya Punda Katika Picha

Mtu azaliwaye Bariadi hulijua jina la farasi kabla ya kumwona farasi mwenyewe, na wengi hawamwoni kamwe. Simiyu, uliofanywa mkoa mwaka 2012, umepakana na nyika za Serengeti, na nagana iletwayo na mbung'o haimpi farasi nafasi. Punda ni mstahimilivu zaidi. Ndiye achukuaye maji na kuni. Basi nilipotaka kuwafundisha wanafunzi wangu maneno matiti, telki na shoti, ilinipasa kumwendea punda.

Maneno hayo ni majina ya miendo ya wanyama wapandwao, na makao yake yalikuwa pwani. Kamusi huyaeleza kwa ufupi: huu mwendo wa haraka kidogo, ule wa kasi. Haraka ya namna gani? Asiye na mnyama mbele ya macho aweza kuweka neno moja mahali pa jingine asione hasara, na neno la hali hiyo, kwa maoni yangu, limekwisha kuugua.

Jicho tupu si shahidi mwema. Wachoraji wa Ulaya kwa muda mrefu walimchora farasi akimbiaye kanyosha miguu, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Mwaka 1878, huko Palo Alto, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kandokando ya njia. Picha zake zilionyesha kwamba kwato zote zinapoacha ardhi, miguu imekunjwa chini ya tumbo! Leo kazi hiyo yafanywa na simu ya mwanafunzi.

Tulirekodi video za punda katika njia ya kisimani, kisha tukazitazama polepole. Punda aendaye taratibu huweka kila mguu peke yake, vishindo vinne. Akihimizwa, mguu wa mbele wa kulia hutua pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili. Vishindo ni viwili.

Tulimwonyesha picha hizo mzee mmoja wa pwani aliyehamia kwetu, ambaye alipanda punda ujanani. Polepole hakutambua kitu. Alituomba turudishe mwendo wa kawaida na kuongeza sauti, kisha akafumba macho, akasikiliza kwato, akasema mara moja: "Hayo matiti." Mwendo wa vishindo vinne vya haraka aliuita telki.

Ilibaki shoti, na punda wenye madumu hawaendi shoti. Tukamletea video ya punda milia waliotimka karibu na lango la Ndabaka, upande wa Busega. Alikataa kabisa. Shoti, alisema, ni ya mnyama aliye na mtu mgongoni. Wale wanakimbia tu. Kamusi niliyo nayo haikusema hivyo, nami sijaona sababu ya kuiamini kuliko yeye.